Sura ya Sita: Gunia Moja na Lyamba lya Mfipa

Mpunga wa Kaoze hulimwa katika bonde la Ziwa Rukwa, na wateja wake wengi wako juu. Hiyo ndiyo shida nzima ya usafiri wa upande huu wa Rukwa, na mtoto wa miaka mitano anaielewa bila kuelezwa mara mbili. Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga mjini, juu ya uwanda wa Ufipa, ni karibu mita 1,800. Katikati umesimama Lyamba lya Mfipa, ukingo wa Bonde la Ufa, na barabara ya kutoka Muze kwenda Ntendo inaukwea kwa kona ambazo dereva wa lori la Fuso hazifanyii mchezo. Kiangazi ni vumbi tupu. Masika udongo mweusi wa bondeni hunata kwenye tairi hadi gurudumu likatae kuzunguka. Kwenda juu ni mpunga, ufuta, mahindi na samaki; kushuka ni saruji, sukari, soda, mafuta ya taa na vitabu vya shule.

Ingia sasa darasa la awali, lolote lile wilayani. Ukutani pana karatasi ya manila yenye vyombo vya usafiri: ndege, treni, meli, basi. Mwalimu ananyoosha fimbo, watoto wanaitikia kwa sauti moja, hii ni treni. Treni yenyewe hawajaiona, na wazazi wao wengi hawajaipanda, maana reli iliyo karibu ama ni ile ya Mpanda upande wa kaskazini, ama ni TAZARA inayopita Tunduma. Kwenye manila ile hakuna kichwa cha mama chenye ndoo. Hakuna mkokoteni wa maksai, pawatila lenye tela, Toyo, punda, mtumbwi, wala baiskeli iliyofungwa magunia ya mkaa huku mwenyewe akiisukuma. Yaani hakimo hata kimoja kati ya vile ambavyo mtoto amevipisha njiani asubuhi ile ile akija shule.

Mwambie mtoto huyo achore usafiri wa kesho, atakuchorea gari lenye mabawa. Nimeshaona magari ya mabawa mengi, ya shule za mjini na za kijijini, na yote yanafanana kama yametoka kiwanda kimoja. Watu wazima huyasifia, husema watoto wana ubunifu wa kuzaliwa. Mimi siamini. Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky aliandika mwaka 1930 kwamba mawazo ya mtoto hujengwa kwa vipande vya yale aliyoyaona na kuyashika. Aliyeshika vingi ana vingi vya kuunganisha. Gari la mabawa ni vipande viwili tu, gari na ndege, vyote kutoka kwenye manila. Mtoto wa Kaoze ana vipande vingi kuliko hivyo. Ana tope, kilima, maksai, kamba na gunia, ila hakuna aliyemwambia kwamba navyo vinahusika.

Kwa hiyo sura hii inamshauri mwalimu na mzazi waanze na mzigo. Chombo kitakuja chenyewe.

*

Kabla ya hapo kuna mitego miwili ya kuikwepa. Vitabu vingi vya elimu ya mazingira kwa watoto wadogo vimeandikwa na watu wa nchi za magari. Huko mtoto hupelekwa shule kwa gari la baba, na somo ni kumshawishi atembee, apande baiskeli au basi, ili hewa ukaa ipungue. Lichukue somo hilo hadi Kaoze kama lilivyo, litageuka kituko. Mtoto wa hapa anatembea tangu alipoacha kubebwa mgongoni. Mama yake anatembea kwenda kisimani, shambani, zahanati na gulioni. Kumwambia kwamba kutembea ni kuokoa dunia ni kumsifia kwa jambo ambalo hakulichagua, na mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani akisikia atacheka, au hatacheka.

Tulijua haya zamani. Katika miaka ya 1980 Shirika la Kazi Duniani lilisaidia mradi wa usafiri vijijini wilayani Makete, ambayo leo iko mkoa wa Njombe. Watafiti walizunguka kaya kwa kaya wakiuliza nani anabeba nini, kwenda wapi, kwa muda gani. Walichokuta kiliwashtua wataalamu wa barabara: safari nyingi zilikuwa za miguu, zilikuwa fupi, zilizunguka kijiji chenyewe kwa maji, kuni na mazao, hazikukanyaga barabara kuu kabisa, na sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Mradi ukageukia njia za miguu, vivuko vidogo na punda. Ukitaka kujua usafiri rafiki wa mazingira unafananaje Tanzania, punda wa Makete ni mwanzo mzuri kuliko gari la umeme, ingawa hapigwi picha na waheshimiwa.

Mtego wa pili ni kinyume cha wa kwanza: kumfundisha mtoto kwamba miguu, maksai na baiskeli ni ushamba, na maendeleo ni moshi. Huu hausemwi wazi, mtoto huusoma usoni. Akichora pikipiki anapigiwa makofi, akichora punda darasa zima linaangua kicheko na mwalimu naye anatabasamu. Hapo somo limekwisha, na limefundishwa vizuri sana.

*

Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 uliweka kutunza mazingira miongoni mwa umahiri wa kujengwa, na mtaala ulioboreshwa ambao ulianza kutumika Januari 2024 haukuliacha jambo hilo. Kwa vitendo, katika shule nyingi, kutunza mazingira maana yake ni kufagia uwanja, kuokota makaratasi na kumwagilia miche kwa kopo. Si vibaya. Lakini mtoto anaweza kufagia uwanja miaka saba na asiwahi kuulizwa kwa nini gari linatoa moshi mweusi likipanda mlima kuliko likiwa tambarare, swali ambalo tayari analo kichwani kwa sababu amesimama kando ya barabara akaona.

Zana za somo hili hazihitaji bajeti, zimelala nyuma ya nyumba. Watoto wa bondeni hutengeneza magari yao wenyewe, na mtu mzima akiinama kuyatazama kwa karibu atajifunza kitu. Bodi ni bua la mahindi lililomenywa, au kopo la mafuta lililokatwa ubavu. Ekseli ni kijiti au waya wa baiskeli. Magurudumu hukatwa kwenye yeboyebo iliyochakaa, kwa wembe, duara lake likipimwa kwa kizibo cha soda. Tundu la katikati hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto, na hapo ndipo fundi mzuri hujulikana: tundu likiwa kubwa gurudumu linayumba, likiwa dogo halizunguki. Wakubwa kidogo huongeza usukani mrefu wa fito ili dereva aendeshe akiwa amesimama. Kijana wa miaka minane aliyewahi kutengeneza gari la namna hiyo anajua habari za msuguano kuliko wengi wanaokuja kuusoma sekondari kwa kukariri.

Basi mwalimu wa awali aongeze sharti moja tu: gari lazima libebe. Vijiwe kumi ndani ya kifuko cha kitambaa, kiitwe gunia. Nje ya darasa lijengwe tuta la udongo, upande mmoja mkali, upande mwingine umezungushwa kinjia chenye kona. Liitwe Lyamba. Kisha watoto waachwe.

Mambo yatakayotokea yanajulikana. Gari lililopendeza tambarare litapinduka. Gunia litaanguka nyuma. Mmoja atagundua kwamba kinjia cha kona ni kirefu lakini hakichoshi, na hapo mwalimu anyamaze kwanza, maana kishawishi cha kuanza kuhubiri ni kikubwa. Aulize tu:

"Mbona umezunguka, na huku ni karibu?"

"Mwalimu, huku linarudi nyuma."

"Na likiwa halina gunia?"

"Bila gunia linapanda."

Hayo ni mazungumzo ya sayansi yaliyokamilika. Siku inayofuata mwagieni tuta maji, iwe masika.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu asipoliangalia litaharibu kazi yote. Magari ya waya na yeboyebo ni michezo ya wavulana. Wasichana wa umri ule ule, wakati kaka zao wanakimbiza magari, wana mdogo wao mgongoni au kidumu cha lita tatu kichwani. Wanaoujua mzigo hawaundi chombo, na wanaounda chombo hawajui mzigo. Ukitazama vizuri utaona ndivyo hata dunia ya watu wazima ilivyojipanga, kuanzia chuo cha ufundi hadi ofisi za wizara. Katika darasa la awali bado inawezekana kuwachanganya bila vita. Mpe msichana kazi ya kuamua gunia liwe zito kiasi gani na lifungwe wapi, na wembe ushikwe na mwalimu kwa wote. Utashangaa jinsi anavyojua kwamba mzigo ukikaa juu sana unayumbisha. Shingo yake imemfundisha.

*

Hesabu inayofuata ni ya mwalimu, mtoto hahitaji. Chukua gunia la kilo 100. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, tuiache kwa leo. Kulipandisha mita 1,000 kwenda juu, bila kuhesabu uzito wa gari wala msuguano, kunahitaji nishati kama robo ya uniti moja ya umeme, zaidi kidogo. Yaani uniti moja, ile unayonunua kwa simu, ingetosha kwa magunia matatu na nusu. Lita moja ya dizeli ina nishati ya uniti 10 hivi, ila injini ya lori hupoteza zaidi ya nusu yake kama joto, na inayobaki inalipandisha lori lenyewe kwanza: chuma, tairi, kibati cha namba, utingo na mkungu wake wa ndizi. Gunia linakula makombo.

Ukishaiona hesabu hiyo, mawazo mengine yanafunguka. Kwa mfano, kwa nini lori lipande kabisa? Enzi za Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kule Usambara kulijengwa njia ya kamba ya chuma kati ya Shume juu na Mkumbara chini, karibu na reli ya Tanga, kushusha mbao za msituni. Katika njia kama hizo mzigo unaoshuka husaidia kuvuta vinavyopanda. Siku hizi Uswisi wana lori la machimbo linalotumia betri: linapanda tupu, linashuka limejaa mawe, na breki zake zinarudisha umeme kwenye betri kiasi kwamba mara nyingi halihitaji kuchajiwa.

Bahati mbaya ya Kaoze ni kwamba mzigo wetu mzito ndio unaopanda. Lakini saruji na soda zinashuka. Jaribio lake darasani ni hili: makopo mawili, kamba moja, na kapi, kama kapi hakuna, kigurudumu cha uzi kilichopitishwa kijiti kinatosha. Kopo la juu litiwe mchanga wa "saruji", la chini mchanga wa "mpunga". Watoto waongeze na kupunguza kwa kijiko mpaka lile la chini lianze kupanda lenyewe. Hakuna mtoto niliyemwona akichoka haraka na mchezo huu. Watu wazima pia, wakipita, husimama.

*

Sasa puto. Hapa ndipo bonde la Rukwa lina hadithi yake lenyewe, na mtoto wa Kaoze anastahili kuisikia mapema, kabla haijamfikia kama habari za watu wengine.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya bonde hili kuna gesi ya heliamu kwa wingi. Makadirio ya wakati ule yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Heliamu huzaliwa polepole ndani ya miamba ya kale, kutokana na madini ya urani na thori yanayojibadili kwa mamilioni ya miaka. Kwa kawaida hubaki imefungiwa humo. Bonde la Ufa lilipopasuka, joto la kutoka chini lililegeza miamba na gesi ikapata njia ya kupanda. Uchorongaji ulianza 2021, na 2024 heliamu ilitoka hadi juu ya ardhi katika kisima cha Itumbula, kusini mwa bonde.

Dunia inaitaka heliamu kwa ajili ya mashine za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili na kwa viwanda vya vifaa vya elektroniki. Mtoto anaitaka kwa sababu nyingine: inapaisha puto. Na puto likiwa kubwa vya kutosha ni chombo cha usafiri kisichohitaji barabara, kona wala tope.

Swali la darasa: puto la kupandisha gunia moja Sumbawanga liwe kubwa kiasi gani? Mita moja ya ujazo ya heliamu huinua takribani kilo moja. Darasa la kawaida lina urefu wa mita 9, upana 7 na kimo 3, jumla mita za ujazo 189. Kwa hiyo heliamu ya kujaza darasa lote, kuanzia sakafuni hadi kwenye dari, ingeinua pungufu ya magunia mawili, na hapo hatujatoa uzito wa mfuko wenyewe. Mtoto wa miaka mitano hazijui mita za ujazo. Lakini ukiwapanga wote wakae sakafuni, wakatazama juu na pembeni, ukawaambia chumba chote hiki kwa magunia mawili, wanaelewa. Baadhi watasikitika. Mmoja atauliza, je, tukijaza shule nzima?

Swali hilo watu wazima nao waliwahi kuliuliza, tena kwa ajili ya nchi hii hii. Novemba 1917 jeshi la Ujerumani lilirusha chombo kikubwa cha gesi, L 59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, kimebeba takribani tani 15 za dawa na risasi za kumpelekea kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck aliyekuwa akipigana kusini mwa Tanzania ya leo. Hakikukusudiwa kurudi. Kingefika kingevunjwavunjwa, ganda lake lishonewe mahema na bendeji. Kilipofika anga la Sudan kikapata ujumbe wa redio wa kurudi, kikarudi kweli, safari ya saa 95 bila kutua. Kilijazwa haidrojeni, gesi nyepesi zaidi na rahisi kupatikana, ila inawaka. Ndiyo iliyoteketeza chombo kingine cha namna hiyo, Hindenburg, huko Marekani tarehe 6 Mei 1937 na kuwatia watu hofu ya vyombo hivyo kwa vizazi viwili. Heliamu haiwaki. Leo Marekani na Ufaransa zina kampuni zinazorudi kwenye wazo hilo, kubeba mizigo mizito kwenda mahali pasipo na barabara.

Je, puto la heliamu ndilo jibu la Kaoze? Sidhani. Gesi hii ni adimu, ikivuja haikamatwi tena, inapanda hadi inatoka nje ya anga la dunia. Kuitumia kubebea mpunga wakati hospitali zinaililia ni ufujaji. Upepo wa ukingo wa Lyamba nao si wa kuchezea. Hayo yote mtoto ataambiwa, lakini baadaye, akishalichora puto lake na kulipakia. Ninachokataa ni mwalimu kulikata wazo kwa sababu haliwezekani. Mwalimu akilikata wazo, darasa linajifunza kusubiri majibu yake. Vijiwe vikilikata, watoto wanarudi kutengeneza.

*

Umeme tuuzungumzie kwa ufupi kwa sababu kila mtu anauzungumzia kwa urefu. Mtoto wa Sumbawanga akiuliza habari za treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, au basi la Kayoola lenye paneli za jua lililoonyeshwa Kampala mwaka 2016, au bodaboda za betri za Kigali ambazo dereva hasubiri chaji bali hubadilishiwa betri na kuondoka, asimuliwe. Ni habari nzuri na ni za kwetu. Kayoola hasa, kwa sababu mzizi wake ni wanafunzi na walimu wa Makerere waliotoa gari dogo la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Mtoto anaposikia kwamba waliounda walikuwa shuleni, kitu fulani kinakaa sawa.

Lakini kila chombo cha umeme kije na swali lake: umeme wenyewe unatoka wapi? Sumbawanga kwa miaka mingi imewashiwa taa kutoka Zambia, huku jenereta za dizeli zikisaidia. Bodaboda ya betri iliyochajiwa kwa jenereta imehamisha moshi, haijauondoa. Kwa mtoto mdogo hilo huchezwa kwa kamba: anayeshika taa aifuate kamba nyuma hadi kwa anayeshika maji, au jua, au dumu la dizeli. Wakibadilishana nafasi mara mbili tatu, wameelewa gridi ya taifa kuliko tunavyodhani.

Na tusiwatishe. Kuna mtindo wa kuwaeleza watoto wa awali kwamba dunia inaungua na barafu inayeyuka. Mtoto wa miaka mitano hana la kufanya na habari hiyo isipokuwa kuota ndoto mbaya. Ziwa Rukwa lenyewe, ambalo halina mto wa kutokea na hupanda na kushuka kadiri mvua zinavyotaka, linamtosha kuona kwamba maji na njia vinahusiana. Aulizwe: ziwa likija hadi hapa, tutapita wapi?

*

Wazazi watakuja kulalamika. Watasema mtoto ametumwa shule kusoma herufi, anarudi na tope hadi masikioni na kopo la kamba mkononi. Wanastahili jibu la heshima. Jibu linaloeleweka zaidi ni kuwaita waone siku ya jaribio, na kuwaomba baba mwenye maksai, mama muuza samaki na kijana wa Toyo waje darasani, kila mmoja na kamba yake, waeleze wanavyofunga mzigo. Walimu wengi hawajawahi kumkaribisha dereva wa Toyo kama mtaalamu. Yeye naye hajawahi kuitwa hivyo, na siku hiyo atavaa shati.

Katika vikao vya namna hiyo husikika wazo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha usafiri kwa watoto, na mara nyingi hulitoa mama muuza mchele. Anaanza kwa kuuliza kwa nini tunapandisha mpunga. Mpunga ukikobolewa, katika kilo 100 hupati mchele zaidi ya kilo 60 hadi 70; zilizobaki ni maganda na pumba. Magunia matatu ya mpunga ni kama magunia mawili ya mchele. Kwa kila lori tatu zinazokwea kona za Muze zikiwa na mpunga, moja imebeba makapi. Mashine ya kukoboa ikiwa huku chini, na nzuri, isiyovunjavunja mchele, lori hilo la tatu halina safari.

Watoto wakilipata hilo, mchezo wa tuta unabadilika sura. Gunia la vijiwe kumi linafunguliwa kabla ya kupanda, vijiwe vitatu na nusu vinawekwa kando, na ugomvi unaanza juu ya kile cha nusu. Gari lililokuwa likishindwa sasa linafika juu. Kisha wanaanza kuulizana mashine ikae upande gani wa mto, iendeshwe na nini, na zile pumba wapewe kuku wa nani.